Ufa Ulioingia Chini ya Silikoni

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa kupima matangi ya samaki juu ya mchanga. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nina kibanda cha mabati Manzese, na uwanja wangu wa kazi ulikuwa mchanga mtupu. Gundi ya tangi ikishakauka nililiweka pale mchangani, nikalijaza maji ya kisima, nikaliacha siku mbili. Kama halikuvuja, nilimpigia mteja aje kuchukua. Mchanga niliupenda kwa sababu maji ya kumwaga yalizama papo hapo, hayakuleta tope mlangoni. Zaidi ya hapo sikuufikiria.

Mchanga hufuata umbo la kioo. Ukiweka tangi zito juu yake unajaa kila panapobonyea, unabeba kioo cha chini chote sawasawa, hata kama hakikukaa vizuri. Tangi la futi nne nililolipima hivyo lilikwenda Kibamba, sebuleni kwa mwalimu mmoja wa sekondari, likawekwa juu ya meza ya chuma iliyochomelewa kwa haraka, yenye mguu mmoja mfupi kuliko wenzake. Lilikaa siku tisa. Siku ya kumi, asubuhi, nyumba ikiwa haina mtu, kioo cha chini kilipasuka kutoka pembe moja hadi nyingine. Mwalimu aliporudi alikuta samaki chini ya kochi na zulia limenyanyuka na maji.

Hakufoka. Alinipigia akasema, "Fundi, njoo uone kazi yako." Nilikwenda, nikapiga magoti, nikaokota vipande, na kitu cha kwanza nilichomwambia ni kwamba tangi lile nililipima.

"Ulilipimia wapi?"

"Nyumbani, mchangani."

Alikuwa mwalimu wa fizikia. Alinitazama kidogo, kisha akaenda kuleta ndoo na tambara.

Nawaandikia nyie mafundi mliobaki kibandani. Najua neno kustaafu linachekesha likitoka kwa mtu wa miaka thelathini na tatu. Lakini mshipa wa kidole gumba changu cha kulia ulikatwa na kioo mwaka jana, ukashonwa, na sasa kidole hakikunjiki zaidi ya nusu. Almasi ya kukatia vioo inataka kidole kizima. Daktari alisema naweza kufanya kazi yoyote isiyo ya kubana, nami katika kazi yetu siijui hata moja isiyo ya kubana. Nimepata nafasi Kurasini, kwenye yadi ya makontena, nakagua yaliyobonyea. Kwa hiyo bado natazama vitu vilivyogongwa, ila hivi havina maji ndani.

Mtanisamehe nikisema mambo yangu waziwazi. Kazi hii sikufundishwa na mtu, na aliyejifunza peke yake hana wa kumsingizia.

Nilijifunza kwa video za kwenye simu. Nyingi zilikuwa za lugha nisizozijua, kwa hiyo nilizima sauti nikawa natazama mikono. Mikono haisemi aina ya gundi. Tangi langu la kwanza kabisa nililiunganisha kwa silikoni ya bafuni, ile yenye dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani na rangi yake ilikuwa nzuri. Tangi lile halikuvuja hata tone. Samaki walikufa wote ndani ya siku mbili. Nilibadilisha maji, nikabadilisha chakula, nikabadilisha samaki, na wale wapya nao wakafa. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba nilikuwa nimejenga sumu yenye umbo zuri. Toka hapo sifungui silikoni yoyote bila kuinusa na kusoma kila neno lililoandikwa kwenye mrija, hata anwani ya kiwanda.

Baada ya lile la Kibamba nilianza tabia nyingine ambayo mliiona nyie mkanyamaza kwa heshima. Nilianza kurudi kwenye nyumba za wateja. Nilibisha hodi nikasema nilikuwa napita. Nilikuwa napita Ubungo, napita Mbagala, napita mahali ambako hakuna mtu anayepita bila shida maalumu. Niliingia, nikasalimia, nikapapasa chini ya tangi kwa kitambaa kikavu, nikaondoka. Mama mmoja alimwuliza mumewe mbele yangu, "Huyu kijana anakuja kuangalia samaki au anakuja kuangalia nini?" Mumewe akajibu, "Mwache, ana wasiwasi wake." Niliona aibu, lakini wiki iliyofuata nilirudi tena.

Mtu aliyenitoa kwenye mchanga ni dada Eufrazia. Wengi wenu mnamjua kama mama wa madirisha ya alumini, jirani yetu ukutani kabisa, mtu wa Mahenge, anayekata kioo bila rula pale anapotaka kumnyamazisha mteja mbishi. Siku niliyorudi kutoka Kibamba na mfuko wa vipande alikuja kusimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Nani alikufundisha kazi hii?"

"Nimejifunza mwenyewe, dada."

"Inaonekana. Mwalimu wako alikuwa hajui kitu."

Kisha akaweka kikombe chini, akachukua vipande akavipanga sakafuni kama mtu anayepanga vigae, mpaka kioo kikarudi umbo lake. Akanionyesha ufa ulipoanzia: kwenye pembe, juu ya ule mguu mfupi. "Kioo hakikuchoka," alisema. "Kilipindwa." Kesho yake alinipa kipande cha bamba zito la mbao alilokuwa analitumia kukatia, kikawa meza yangu ya kupimia. Ndiyo ile ile mnayoitumia mpaka leo, yenye alama ya kijani. Msiiache kwenye mvua.

Alinifundisha pia kutazama. Mteja akileta tangi lililogongwa, mwacheni aseme kwanza, kwa sababu atawaonyesha kile kinachomtisha, na kinachotisha kwa kawaida si chenye hatari. Watu hutishwa na mkwaruzo mrefu mbele ya tangi. Pitisheni ukucha juu yake polepole. Kama ukucha haunasi, mkwaruzo huo ni wa sura tu, mwambieni aishi nao. Pengo dogo kwenye ukingo wa juu, ambapo maji hayafiki, lipigeni msasa mkali uliolowa mpaka lisikate mkono, basi. Pengo lililo chini, au kwenye pembe inayobeba uzito, ni jambo jingine. Na ufa hauna mjadala. Ufa wa kweli huwaka. Ukiupiga tochi kwa ubavu unatoa mng'ao kama kioo cha kujitazamia, ukisogeza kichwa unazimika. Mkwaruzo hauwaki, unabaki mweupe vilevile. Ukishaona umewaka, usimwambie mtu kwamba utaupaka silikoni juu. Silikoni inazuia maji, haizuii ufa kutembea.

Baada ya tangi lenyewe, tazameni linapokaa. Wekeni pimamaji, kile kifaa cha kuonyesha usawa, kwa urefu, kwa upana, halafu kwa mshazari. Chukueni karatasi ya risiti mjaribu kuipitisha chini ya kila pembe. Ikipita pembe moja na pembe nyingine ikakataa, tangi halijakaa, limeegemea. Jazeni maji kwa theluthi, kila theluthi msubiri kwanza, na chini mtandike gazeti kavu. Gazeti husema ukweli kabla ya jicho.

Haya yote niliyajua vizuri mnamo mwaka wangu wa nne. Shida yangu ikawa nyingine. Nilikuwa sithubutu tena kusema kwamba tangi ni salama. Lililokuja na mkwaruzo nilikataa, lenye pengo la juu nilikataa, lililo zima kabisa niliuliza lilisafiri vipi. Wateja walikwenda kwa mafundi wengine, ambao waliwaambia salama kabla hawajaweka mzigo chini. Dada Eufrazia alinisikia siku moja nikimkatalia mzee aliyeleta tangi dogo lisilo na kasoro yoyote, akasubiri mzee aondoke.

"Wewe siku hizi huogopi kioo," alisema. "Unaogopa mdomo wako."

"Nikikosea je?"

"Ukikosea kukubali, kuna maji sakafuni. Ukikosea kukataa, hakuna anayejua. Ndiyo maana umeipenda hiyo ya pili."

Nilikuwa nadhani nimekuwa makini.

Katika hali hiyo ndipo alipopiga simu Bi Mwanahamisi wa Tandika. Yeye ni mwenyeji wa pale tangu kwa babu zake, na katika nyumba hiyo ya familia anaendesha shule ya awali. Watoto wanaletwa asubuhi, wanaimba, wanakula uji, na mchana wanalala. Mzazi mmoja aliyekuwa anahama mji alimpa tangi la futi nne pamoja na samaki wake. Lilipakiwa kwenye guta la magurudumu matatu, na guta lilipokuwa linaingia lango, pembe ya tangi ikagonga nguzo. Hapakupasuka kitu. Alitaka kujua kama linafaa.

Nilifika saa nne asubuhi. Samaki walikuwa kwenye mabeseni mawili ukumbini, yamefunikwa kipande cha chandarua kwa sababu ya paka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa samaki?"

"Wa matangi, mama. Samaki wenyewe siwajui sana."

"Basi tumelingana. Ingia."

Watoto walikuja nyuma yangu wote kwa pamoja. Msichana mmoja wa kama miaka mitano aliniuliza kama nimekuja kumtibu Mkaguzi. Bi Mwanahamisi alieleza kwamba Mkaguzi ni yule samaki mwekundu mkubwa kwenye beseni la pili. Jina hilo lilitokana na bwana mmoja wa afya aliyekuja kuikagua shule wiki iliyotangulia, akazunguka kila chumba, akatazama kila kitu, akaondoka bila kusema neno. Samaki yule alikuwa anazunguka beseni kwa namna hiyohiyo.

Tangi lilikuwa limekaa juu ya kabati fupi la mninga lililoachwa na baba yake. Kabati lilikuwa limenyooka kuliko meza nyingi za mafundi. Risiti haikupita pembe yoyote. Mbele kulikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kiganja, na ndio uliokuwa umewatisha wazazi. Ukucha haukunasa. Kwenye ukingo wa juu palikuwa na pengo la ukubwa wa punje ya mchele. Hilo nalo halikuwa kitu.

Kisha nikapiga tochi pembe ya chini, kushoto, ile iliyogonga nguzo. Kukawaka. Mstari mfupi, mfupi kuliko kidole changu kidogo, ulimetameta ukazimika, ukaingia chini ya silikoni nyeusi ya pembeni, na hapo sikuuona tena. Silikoni ile ilikuwa pana na nzito. Mstari ungeweza kuishia palepale ulipoingia. Ungeweza pia kutembea chini yake hadi upande wa pili.

Chini ya pembe hiyo, sakafuni, palikuwa na magodoro membamba yamepangwa safu.

"Hawa wanalala hapa?" niliuliza.

"Wanalala hapo miaka yote. Ule ukuta mwingine una jua, ule una mlango, na huu wa jikoni unaunguza. Soketi nayo ndiyo hiyo moja. Pampu ya samaki itachomekwa wapi?"

Nilimwomba tulijaze kwanza. Watoto walihamishiwa chumba cha mbele kwa kulala, wakabanana kwa sababu hakiwatoshi, na kwa siku tatu tangi lilikaa limejaa, gazeti chini, alama ya kalamu kwenye usawa wa maji. Nilikwenda kila siku. Gazeti halikulowa. Maji hayakushuka chini ya alama kuliko yanavyopungua kwa joto. Siku ya kwanza nilipeleka pia tangi dogo la akiba, likawachukua samaki wadogo. Mkaguzi halikumtosha. Alibaki kwenye beseni, na maji yake yalibadilishwa asubuhi na jioni.

Siku ya tatu, mchana, nilifanya jambo ambalo sijawahi kuwaambia. Bi Mwanahamisi alikuwa chumba cha mbele anawabembeleza watoto. Nikajilaza kwenye godoro lililo chini ya ile pembe. Nilijiambia kwamba fundi anayesema salama lazima aweze kulala mahali hapo mwenyewe. Nilikaa pale karibu saa nzima, miguu imetoka nje ya godoro, natazama pembe ya tangi lililobeba maji mazito kuliko wanaume watatu.

Bi Mwanahamisi akatokea. "Mwanangu, umechoka?"

"Hapana, mama. Naangalia."

"Wenzako huangalia wakiwa wamesimama."

Nilitoka nje nikampigia dada Eufrazia, nikamweleza. Nilitegemea angenisifu kidogo.

"Umelala chini yake," alisema. "Na kioo kimejuaje kwamba ni wewe?"

"Sijui."

"Basi hicho si kipimo. Hiyo ni toba. Toba nenda ukaifanye kanisani, au kwenu msikitini. Huo mstari unaishia wapi?"

"Sijauona mwisho wake."

"Sasa unataka nikwambie nini?" Akakata simu, alikuwa na mteja.

Nilirudi ndani. Bi Mwanahamisi alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo cha watoto, magoti juu. Aliniambia anataka neno moja tu. Wazazi wanamwuliza kila asubuhi, yeye hana cha kuwajibu, na hao samaki wanateseka. Salama au si salama.

"Kama lilivyo, mama, sikubali."

"Limevuja?"

"Halijavuja."

"Siku tatu?"

"Siku tatu."

"Na wewe mwenyewe umelala hapo, nimekuona kwa macho yangu."

"Ndiyo. Lakini mie nilikuwa macho, mama. Muda wote nilikuwa naiangalia ile pembe. Wao watakuwa wamelala."

Chumba cha pili mtoto mmoja alikuwa anakohoa. Niliendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza nitalegea. Nilimwambia kuna mstari ambao sehemu yake siioni, na njia ya kuuona ni moja, kulifumua tangi. Kulifumua, kusafisha, kuunganisha upya na kusubiri silikoni ikomae ni kama wiki mbili. Na sikuwa na uhakika kwamba Mkaguzi angevumilia wiki mbili za beseni.

"Kwa hiyo unanichagulisha samaki na watoto."

"Sikuchagulishi, mama. Nakueleza kitakachotokea."

"Mwanangu, hilo ndilo kuchagulisha." Akainuka akaenda dirishani, akarudi. "Haya. Lifumue."

Nililifumulia Manzese, juu ya meza ya mbao. Mnajua jinsi ya kufumua: wembe mrefu kwanza, kisha waya mwembamba unaouvuta kama mtu anayekata sabuni ya mche. Upande ule wa kushoto ulinichukua asubuhi nzima kwa sababu sikutaka waya uguse ukingo wa kioo. Silikoni ilipotoka yote nikakiosha, nikakikausha, nikakisimamisha juani.

Hapakuwa na ufa.

Palikuwa na gamba. Mnaokata vioo mnalijua: almasi ikibonyezwa vibaya, ukingo unabanduka kipande chembamba chenye umbo la kombe la baharini, laini ndani. Lilikuwa limejaa silikoni nyeusi ya zamani, maana yake lilikuwepo siku tangi lilipounganishwa mara ya kwanza. Nguzo ya lango haikuhusika. Kioo kile kilikuwa kimebeba maji miaka yote na gamba lake, na kingeendelea kubeba. Mng'ao niliouona ulikuwa ukingo wa gamba.

Nitasema na hili. Pembeni yangu palikuwa na nyundo ndogo. Kupiga pembe ile mara moja tu kungetosha. Ningempelekea Bi Mwanahamisi kioo chenye ufa wa kweli, angeshukuru, wazazi wangesimuliana, na mimi ningepata usingizi. Niliishika ile nyundo. Sikumbuki niliishika kwa muda gani, ila nakumbuka mpini ulikuwa umelowa jasho nilipoiweka chini.

Dada Eufrazia alipita akakiinua kioo, akakitazama dhidi ya mwanga.

"Gamba la mkataji," alisema. "Mkono wa mtu mwenye haraka." Akapitisha kidole. "Ulikuwa na tangi zima ukalikata."

"Ndiyo."

"Utamwambia?"

"Sijui."

"Ukimdanganya usinihadithie. Mie nina mdomo."

Simu kutoka Tandika ilikuja siku ya tano tangu nilipolichukua tangi. Mkaguzi alikufa. Bi Mwanahamisi alisema watoto walimzika nyuma ya choo, na yule msichana aliyeniuliza habari zake alitaka kujua kama fundi ataletwa kuona kaburi.

Siku iliyofuata nilikizungushia kioo blanketi, nikapanda bajaji hadi Tandika. Nilikiweka juu ya kabati la mninga, nikamwonyesha gamba, nikamweleza. Nilimwambia mstari ule haukwenda popote. Nilimwambia tangi lake lilikuwa zima, na kama ningekubali siku ile, samaki yule angekuwa hai. Nilisema haraka sana, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya darasa.

Aligusa gamba kwa kidole.

"Na siku ile ulilijua hili?"

"Hapana."

"Ulikuwa na namna ya kulijua bila kufumua?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu nilitaka sana jibu liwe ndiyo. Ningekuwa na kosa la kushika mkononi. "Hapana, mama."

"Basi usinililie. Ningelilaza darasa zima chini ya kitu ambacho fundi wake hakijui?" Alirudisha blanketi juu ya kioo. "Lakini kwa yule binti utamweleza mwenyewe. Mie nimeshindwa."

Nilimweleza. Nilichuchumaa nyuma ya choo, mbele ya kijilima chenye ua la plastiki, nikamwambia kwamba nilidhani tangi ni bovu, nikachelewa, kumbe lilikuwa zima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukuangalia vizuri?"

"Niliangalia. Palikuwa pamefunikwa."

"Ungefunua."

"Nilifunua. Ndiyo maana nikachelewa."

Akatafakari, akaona hakuna maana, akakimbia kwenda kucheza. Mimi nilibaki nimechuchumaa pale. Ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa sahihi kukataa, na tangi lilikuwa zima, na hayo mawili hayafutani. Miaka yote nilikuwa nasubiri siku ambayo kioo kingenithibitishia uamuzi wangu. Kioo hakina habari na uamuzi wangu. Mimi ninaamua kwa kile ninachokiona siku ile, na mtu mwingine analipa kwa kile nisichokiona, awe mtoto au samaki.

Tangi nililiunganisha upya; mahali pa kile chenye gamba, ambacho sikutaka kukifunika tena, niliweka kioo kipya alichokikata dada Eufrazia mwenyewe, kwa rula. Nilikitazama kingo zote nne kabla ya tone la silikoni kugusa. Lilipokaa mahali pake Bi Mwanahamisi aliniuliza tena, salama au si salama. Nilimwambia kioo nimekiona chote, kabati nimeliona, gazeti ni kavu, kwa hayo nasema salama. Nisichokiona ni mtoto atakayerusha kigari cha mbao. Alicheka kidogo, kisha akainama akavuta magodoro mwenyewe, hatua mbili kutoka ukutani, akaniuliza kama panatosha. Nilimwambia aongeze ya tatu. Akaongeza.

Hilo ndilo lililobadilika. Zamani nilikuwa natoa neno moja, salama au si salama, na kabla ya hapo nilikuwa natoa hata hilo bila kufikiri. Tangu Tandika, kila tangi linalotoka kibandani kwetu linaondoka na karatasi yenye sehemu mbili zilizoandikwa kwa mkono wa fundi: alichokiona, na asichoweza kukiona. Mteja anasomewa zote mbili kabla hajabeba. Sehemu ya pili haijawahi kutoka tupu, na mkiona siku moja imetoka tupu, lirudisheni tangi mezani.